Tirwari nayo ni mila yetu



Kila mara tunapokutana kusema juu ya mila, orodha ni ileile: ngoma, mahari, majina, matanga, sanamu, methali. Ni vizuri, wala sitaki mtu apunguze kitu hapo. Lakini nauliza swali ambalo litachekesha wengine: fundi aliyetengeneza meza ambayo juu yake tunaandika makala haya ya mila, yeye si mtu wa mila? Na ile tirwari ya meza, inayoteleza juu ya kijiti cha mbao miaka na miaka bila kelele, haikutoka katika akili ya wazee wetu? Wenzetu wamoja walikwisha kujibu mbele ya watu: «Hapana, ile ni ufundi tu, tena ni bintu ya bazungu.» Maandishi haya ni ya kukataa jibu hilo, na kulikataa kwa sababu zinazoonekana.

Nasema wazi tangu mwanzo. Reli ya mbao ya tirwari inapotea katika atelye za Lubumbashi. Haipotei kwa kuwa ni mbaya. Inapotea kwa kuwa sisi tuliosoma tumeihesabu kuwa kitu cha bure, na vijana wametusikia. Siku itakapokwisha, hatutakuwa tumepoteza kijiti kimoja. Tutakuwa tumepoteza maarifa ya miti yetu na majira yetu, tutakuwa tumepoteza kazi ambayo kijana anaweza kuanza bila kuran na bila mashine, na vitabu vyetu vya mila vitabaki kusifu vitu vilivyokufa huku vile vilivyo hai vinakufa mbele ya macho yetu.

1. Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe

Tirwari ndiyo lile sanduku dogo lisilo na kifuniko, linalotoka na kuingia ndani ya meza, kabati ao komode. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita droo ao saraka, na kuko jina lingine la Kiswahili, mtoto wa meza. Jina hili ni zuri sana. Mtoto anatoka, mtoto anarudi, na mama anabaki pahali pake. Lakini ili mtoto atoke na kurudi bila kuanguka, lazima awe na njia. Njia hiyo ndiyo reli.

Mtu asidharau tirwari. Katika nyumba zetu ndiyo ofisi ya jamaa yote. Ndani kuko kadi ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi watu wameitumia kama kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bilteni za masomo, karatasi za lupango, picha ya marehemu baba, na chini kabisa franga kidogo ambazo mama ameficha. Usiku mtoto akishikwa na homa na karatasi ya hospitali inatafutwa, tirwari iliyokwama ni taabu ya nyumba nzima. Na tirwari iliyopasuka inamwaga maisha yote ya watu kwenye sima.

Mafundi wetu wanajua njia tatu. Ya kwanza: tirwari inakaa juu ya vijiti viwili vilivyofungwa ndani ya meza, kimoja kushoto, kimoja kuume. Pembeni kuko ubao wa kuiongoza isiende ovyo, na juu kuko kijiti kingine cha kuizuia isiiname mbele wakati inavutwa. Ya pili: fundi anachimba mfereji katika mbavu za tirwari, kisha anafunga kijiti ndani ya ubavu wa kabati, mfereji unapanda juu ya kijiti, na tirwari inabaki imening'inia. Ya tatu: reli moja tu katikati, chini ya tirwari, nayo inasaidia zaidi kuiongoza iende sawasawa. Katika njia zote tatu hakuna chuma kinachoteleza, hakuna magurudumu, hakuna vile viduara vidogo ambavyo watu wanaita bile. Ni mbao juu ya mbao.

2. Jibu kwa wanaosema «ni bintu ya bazungu»

Wenzetu wanasema hivi: wazee wetu walichonga kitu kizima kutoka kwa gogo moja, kuunganisha mbao kwa mbao kulitoka Ulaya, basi meza na tirwari yake si zetu. Kwa ushahidi wanaleta viti vya Waluba na Wahemba, vile vya mwanamke anayebeba kikalio juu ya kichwa na mikono, na wanataja fundi yule mkubwa ambaye wazungu walimwita Mwalimu wa Buli. Ni kweli kabisa, kiti kile kimechongwa katika mti mmoja. Ni kweli pia kwamba leo viti vya namna hiyo vinakaa katika museo za Tervuren na New York, na mtoto wa Kamalondo hawezi kuvigusa.

Lakini kusema wazee hawakujua kuunganisha, hilo si kweli. Chukua shoka la zamani. Mkia wa chuma unapita ndani ya kichwa cha mpini. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna vizi. Kila mara shoka linapopiga mti, chuma kinazidi kukaza ndani ya mpini wake. Mtu aliyefikiri hivyo alijua vizuri sana namna kitu kimoja kinavyokaa ndani ya kingine. Chukua tena milango ya zamani ya matete ao ya maganda ya mti, ile iliyosukumwa pembeni kati ya ukuta na nguzo. Huo ni nini, kama si mlango unaoteleza katika reli? Wazo la kitu kinachoteleza katika njia yake halikungojea meli kutoka Antwerp.

Na hata tukikubali kwamba tirwari yenyewe, pamoja na jina lake la Kifaransa, ilikuja na wageni, je, jambo limekwisha? Neno meza ni la Wareno. Neno sanduku ni la Waarabu. Neno kabati ni la Waingereza. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika. Basi mwenzetu anayekataa tirwari kwa sababu ya asili yake, na akatae leo bukari na sombe, akae njaa mpaka jioni, kisha aje tuzungumze. Hatakubali, kwa kuwa anajua moyoni kwamba kitu kinakuwa cha watu wakati watu wanakitengeneza kwa mikono yao, kwa vitu vya inchi yao, na wanakifundisha kwa watoto wao.

Tuangalie historia. Mpala, kandokando ya ziwa Tanganika, ilitiwa katika mikono ya Mapadri Weupe mwaka 1885. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911, wakafungua shule, na kati ya shule zile kulikuwa za ufundi wa mikono. Mapadri na mafrateri walileta randa, msumeno na kanuni za kwao. Lakini kanuni za kwao zilifanywa kwa miti ya kwao na kwa mvua ya kwao, ile inayonyesha mwaka mzima. Ni nani aliyeonja mti wa huku kwa randa na kujua unavyokubali na unavyokataa? Ni nani aliyegundua kwamba tirwari iliyofanywa vizuri mwezi wa 8 inakwama mwezi wa 1? Ni vijana wa huku, waliopigwa na kazi, wakarekebisha, wakafundisha wadogo zao katika lupango, chini ya muembe. Wageni walileta kanuni. Wazee wetu waliitia katika majira ya Katanga. Mimi naita hiyo mila, wala sioni neno lingine.

3. Akili iliyo ndani ya kijiti

Sasa niseme juu ya ufundi wenyewe, maana wengi wanaodharau reli ya mbao hawajawahi kuuliza inafanywa namna gani.

Kwanza, mti. Tirwari inaweza kuwa ya mbao nyepesi, lakini njia yake lazima iwe ngumu. Mbao laini ikisugua mbao laini, zote mbili zinakwisha. Fundi mzuri anatafuta mulombwa, ule ambao Tanzania wanaita mninga, na sababu yake ni ya maana: mulombwa ni mti mtulivu, hauvimbi sana wala haunyauki sana. Kama ubavu wa tirwari ni wa mbao laini, anaubandika ukanda mwembamba wa mti mgumu chini yake. Haihitaji ubao mkubwa. Mabaki yanayoanguka chini ya msumeno, yale tunayotupa katika moto wa kupikia, yanatosha.

Pili, nyuzi za mti. Kijiti kinakatwa ili nyuzi zake ziende njia moja na mwendo wa tirwari. Ukikata kinyume, kinakwaruza kama ulimi wa paka na kinavunjika upesi.

Tatu, nafasi. Hapa ndipo elimu ya majira inapoingia. Mbao inavimba kwa upana wake. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki karibu hata kidogo. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 10 ao wa 11 na kukatika mwezi wa 4, kisha inakuja miezi mikavu kabisa. Ubavu wa tirwari wenye kimo cha sentimita 15 unaweza kunenepa milimita 2 ao zaidi kati ya majira hayo, kufuatana na mti. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi wakati wa kiangazi anaacha nafasi kubwa juu ya tirwari. Anayefanya kazi katikati ya mvua anaacha ndogo, kwa kuwa mbao imekwisha kushiba. Pembeni, milimita 1 kila upande inatosha, na wengine wanaipima kwa kipande cha kartoni. Fundi mmoja wa Katuba alinieleza kwa maneno mafupi kuliko kitabu chochote: «Mwalimu, mbao inakunywaka maji. Lazima uiachie mafasi ya kunenepa.»

Ine, kufunga. Ubavu wa kabati una nyuzi zinazosimama, na kijiti cha reli kina nyuzi zinazolala. Ubavu utapanuka na kujikaza kila mwaka, lakini kijiti hakitabadilika urefu. Mtu akitia gundi kijiti kizima, siku moja atasikia kabati linalia usiku, na asubuhi ataona ufa. Ndiyo maana fundi mwenye kujua anakaza vizi moja kwa nguvu upande wa mbele, na tundu za nyuma anazirefusha kidogo ili vizi ipate kutembea. Tundu lile refu halionekani na mnunuzi. Ni siri ya heshima ya kazi.

Tano, umbo. Tirwari pana kuliko urefu wake, ukiivuta kwa kona moja, inageuka upande na kukwama. Afadhali irefuke kwenda ndani kuliko kupanuka. Ikiwa lazima iwe pana, ni vema kuigawa ziwe mbili, ao kuiongezea kiongozi katikati. Mwisho, nta: nta ya nyuki, ao mshumaa, ao kipande cha sabuni kavu. Mafuta kamwe. Mafuta yanaingia katika mbao, yanashika mavumbi, na baada ya muda tirwari inakuwa nzito kuliko mwanzo.

Tazameni mambo yaliyokusanyika katika kijiti kimoja: kujua miti, kujua mvua, kupima, kuona mbele miaka 20. Halafu mtu anasema hiyo si akili ya kutia katika kitabu cha mila!

4. Juu ya reli ya chuma, tuseme ukweli

Sitaki kudanganya. Reli nzuri ya chuma ni kitu kizuri. Inatoa tirwari yote nje mpaka nyuma, inabeba mafaili mazito ya ofisi, na fundi anaifunga upesi. Hospitali, benki, ofisi kubwa, wainunue, mimi siwapingi.

Ugomvi wangu ni juu ya reli zile nyembamba zinazojaa katika magazini yetu, zilizofika kwa magari kupitia Kasumbalesa. Wanunuzi wengi hawajui tofauti. Chuma chake kinapinda mtu akitia sahani ao vitabu. Bile zake zinashika mavumbi mekundu ya Lubumbashi, na mavumbi yetu kila mtu anayajua. Bile moja ikitoka, zingine zinafuata, na hakuna anayekuuzia bile moja: unanunua jozi mpya. Vizi zake fupi zinakaza katika mbao za unga, zile za aglomere, ambazo zikipata maji mara moja zinavimba kama mkate katika chai. Hapo fundi hana la kufanya.

Reli ya mbao ikilika baada ya miaka mingi, kazi ya kuitengeneza ni ya nusu ya siku: fundi anaparuza pahali palipolika, anabandika ukanda mpya, anasugua nta, mtoto wa meza anatembea tena. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kimoja kinatengenezeka pale pale mtaani, kingine kinatupwa.

Kuko jambo lingine ambalo watu hawalioni. Reli ya chuma inadai nafasi yake, karibu milimita 13 kila upande, na inauzwa kwa urefu uliokatwa tayari: sentimita 30, 35, 40, na kuendelea. Zamani fundi alipima pembe ya nyumba yako, akapima vitu vyako, kisha akafanya meza. Sasa anapima kwanza boksi lililotoka mbali, na meza inafuata boksi, na nyumba yako inafuata meza. Tumepewa amri ya sentimita na watu ambao hawajawahi kuona nyumba zetu, na tumeitikia ndiyo bila hata kujua kwamba tumeulizwa.

Nimeuliza mafundi wawili watatu kwa nini wameacha. Jibu ni moja: «Mwalimu, batu benyewe banaomba ya chuma. Banasema ya mbao ni ya bamaskini.» Hapo ndipo ninapowashika wenzangu tuliosoma. Ni nani aliyetia mawazo hayo katika vichwa vya watu? Ni sisi, tunaokuja kwa fundi na picha kwenye telefone na kusema: «Nataka kama hii.» Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Reli ya mbao haina mtu wa kuitembeza. Imefichwa chini ya tirwari, kazi yake ni kutoonekana, na siku inafanya kazi vizuri kabisa ndiyo siku unaisahau.

5. Gogo linakwenda, unga unarudi

Jambo hili si la meza tu. Katika miaka ya 2010 tuliona magari yaliyobeba mukula yakishuka kuelekea mpaka wa Zambia, gogo juu ya gogo, kwenda mpaka bandari na kutoka hapo mpaka Uchina. Mwaka 2019 inchi zilizotia saini mkataba wa CITES ziliweka mukula katika miti ambayo biashara yake ya nje lazima ichungwe, na mwaka 2022 ziliongeza jamaa yote ya mti huo katika Afrika, hata mulombwa. Ni vizuri, lakini sheria imekuja wakati mapori mengi yalikwisha kutobolewa. Upande mwingine, mji wetu unapika kwa makala, na kila mwaka mtu anayetafuta miombo kuzunguka Lubumbashi anatembea mbali zaidi.

Sasa fikirini. Gogo zima linaondoka kwa bei ya gogo. Tunanunua meza za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, pamoja na reli za chuma nyembamba, kwa bei ya meza. Baada ya miaka michache tunazitupa, tunanunua tena. Je, mtu mwenye akili anaweza kuita hiyo maendeleo? Mti wa mulombwa unachukua miaka mingi, karibu maisha ya mtu, kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Haki yake ni kufanywa kitu ambacho nacho kitaishi maisha ya mtu. Na reli ya mbao inatumia vile vipande vidogo ambavyo hakuna mwenye kuvitaka. Fundi anayeokota kijiti cha mulombwa chini ya meza yake na kukifanya reli anachunga pori kuliko mikutano yetu mingi ya hoteli.

Na vijana? Tunalalamika kwamba wanakimbilia mashimo ya kuchimba kobalti, wengine hawarudi. Lakini ni njia gani tuliyowaachia wazi? Atelye ya mbao ni njia. Msumeno, randa, patasi, kipimo, na mwalimu mwenye uvumilivu. Kuran ikikatika, na inakatika mno, mwenye randa ya mkono anaendelea na kazi wakati mwenye mashine amekaa mlangoni anangojea. Lakini kijana atajifunza nini, ikiwa kazi imebaki kufungua boksi na kukaza vizi nane? Kazi ya namna hiyo haihitaji mwanafunzi, na isiyohitaji mwanafunzi haina wazee kesho.

6. Kosa la shule

Mimi ni mwalimu wa sekondari, basi niruhusiwe kusema juu ya nyumba yangu mwenyewe. Katika shule zetu nyingi saa ya kazi ya mikono imekuwa saa ya kufyeka majani, kuchota maji, na mara zingine adhabu. Mtoto anajifunza somo moja tu hapo: mikono ni ya mtu aliyekosa. Kisha tunashangaa akikataa kushika patasi.

Katika somo la fizika tunaandika ubaoni kanuni ya msuguano. Watoto wanainakili, wanaijua kwa kichwa, wanaipata katika mtihani wa serikali, kisha wanaisahau. Hakuna aliyewaambia wavute tirwari ya meza ya mwalimu mara moja bila nta na mara moja na nta, na kusikia kwa vidole tofauti yake. Katika jiografia tunawafundisha majira ya mvua na ya kiangazi kwa ramani. Hakuna aliyewaambia wapime kimo cha ubavu wa tirwari mwezi wa 9, wakipime tena mwezi wa 2, na kulinganisha. Katika hesabu tunawapa treni mbili zinazotoka Kamina na Likasi, wakati meza iliyo mbele yao ina maswali kumi ya kweli juu ya milimita.

Wengine watasema programu imejaa, malipo ni kidogo, darasa lina watoto 60 na zaidi. Ni kweli, wala sina la kubisha. Lakini mambo haya niliyotaja hayaombi franga. Yanaomba tirwari moja, mshumaa mmoja, na mwalimu asiyeona haya kupiga magoti mbele ya meza.

7. Basi tufanye nini?

Sitaki kumaliza kwa kulia. Kuko mambo matatu ambayo chama chetu cha utamaduni kinaweza kuanza bila kungojea serikali wala mfadhili.

a) Tukusanye maneno. Wazee wa mbao wana jina kwa kila kipande: kijiti cha chini, cha juu, cha kuongoza, tundu refu, mfereji. Majina mengine ni ya Kiswahili, mengine ya Kiluba ao Kibemba, mengine ni Kifaransa kilichovaa nguo za huku. Mtu mmoja mwenye daftari, siku moja katika juma, anaenda Katuba, Kenya, Ruashi, anaandika na kuchora. Tumekwisha kuandika methali mara nyingi sana, hizo hazitakimbia. Wazee wa mbao wanakimbia.

b) Tualike fundi katika shule. Saa moja kwa mwezi, alete tirwari moja na randa yake, na mwalimu akae kati ya wanafunzi. Asije kama kibarua. Aje kama mwalimu wa siku hiyo, na apewe heshima na nauli.

c) Tununue kwa akili. Anayeagiza meza ya mtoto wa shule ao kabati ya nguo, na aseme kwa fundi: «Nataka reli ya mbao, tena ya mulombwa, na nitakulipa siku yako.» Kazi nzuri inachukua muda, na haraka haraka haina baraka. Mwenye kutaka kazi ya wazee kwa bei ya boksi ndiye anayeua kazi ya wazee, hata akivaa nguo za mila siku ya sikukuu.

Kwa wenzetu wanaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa kitabu kama hiki, nawakumbusha kwamba watu hawakai ndani ya ngoma. Wanakaa ndani ya nyumba, juu ya viti, mbele ya meza, na kila siku, bila sherehe, wanavuta na kusukuma kitu kilichofanywa na mkono wa mtu. Mila inayoishi ni ile ya kila siku. Tunapenda kuandika kwa herufi kubwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Basi kila msomaji leo jioni afungue tirwari yake mpaka mwisho, ainame, aangalie inatembea juu ya nini, na kama ni kijiti cha mbao kilicholika kidogo, akitie nta, kisha aulize jina la fundi aliyekitengeneza kabla hakujabaki mtu wa kumjibu.